Je, Huruma Yaweza Kuhesabiwa?

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, twasoma habari za Msamaria aliyemhudumia mtu aliyejeruhiwa njiani. Habari hii twaihubiri mara nyingi, wala hatuangalii ya kuwa majeruhi alikuwa mmoja tu. Kama wangalikuwa wanane, na mnyama wa kuwapandisha ni yule yule mmoja, Msamaria angalifanyaje? Angaliwahurumia wote, lakini asingaliweza kuwafunga wote majeraha kabla damu haijawaishia baadhi yao.

Swali hili limewafikia watunga sheria. Mwaka 1999 jimbo la California, katika Marekani, lilitunga sheria ya kuweka mpaka wa wagonjwa ambao mwuguzi mmoja aweza kupewa. Ilianza kutumika mwaka 2004, na tangu mwaka 2005 mwuguzi wa wagonjwa wa kawaida hapewi zaidi ya watano. Na mahali wanapolazwa walio mahututi, wawili tu. Gavana Arnold Schwarzenegger alipotaka kuichelewesha hatua ile ya watano, wauguzi walimpeleka mahakamani, nao wakashinda.

Wako wasemao ya kuwa upendo hauna hesabu, na ya kuwa mwuguzi aliyeitwa na Mungu haulizi ana vitanda vingapi. Neno hili lina sura ya utauwa, lakini sisi twaliogopa. Maana mwenye hospitali akiisha kulisema, aweza kumwongezea mwuguzi mgonjwa wa sita, wa saba, hata wa nane, bila kutoa senti moja. Na mzigo wote waiangukia dhamiri ya mwuguzi. Yeye ndiye asikiaye kengele mbili zikilia pamoja, naye hana budi kuchagua mlango mmoja. Mgonjwa wa mlango wa pili akifa, yeye ndiye atakayekosa usingizi. Yule aliyepunguza watu kwa kalamu hakuisikia kengele yo yote. Basi sheria haiwezi kumfundisha mtu upendo. Iliwezalo ni kuichukua lawama kutoka mabega yasiyostahili na kuiweka mlangoni pa yule mwenye amri ya kuajiri. Kwetu sisi jambo hilo si dogo.

Mitume nao hawakuona haya kuhesabu. Wajane wengine walipokosa riziki yao ya kila siku, kama tusomavyo katika Matendo 6, wahudumu hawakuambiwa wazidi kupenda. Waliongezwa watu saba.

Tena hesabu za hospitali zashuhudia. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walitoa habari za hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania: kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa mwuguzi, hatari ya waliopasuliwa kufa ndani ya siku 30 ilizidi kwa sehemu 7 katika mia. Huko Queensland, katika Australia, sheria ya mwaka 2016 iliweka wagonjwa wanne kwa mwuguzi mmoja mchana, na saba usiku (kana kwamba maumivu nayo hulala!). Habari zilizotolewa mwaka 2021 zilionyesha ya kuwa vifo vilipungua, na wagonjwa walikaa siku chache zaidi hospitalini, hata fedha iliyookolewa ikapita gharama ya wauguzi walioongezwa.

Lakini tusiigeuze sheria kuwa mwokozi. Katika California, walipohesabiwa wagonjwa walioanguka na wale waliopata vidonda vya kulala, badiliko kubwa halikuonekana. Hospitali nyingine zilitimiza idadi ya wauguzi, zikapunguza wasaidizi. Mwuguzi akabaki na wagonjwa watano, na kazi ya kuwaosha na kuwageuza ikawa juu yake peke yake. Na huko Massachusetts, mwaka 2018, wananchi walipoulizwa kwa kura kama wataka sheria ya namna hii, karibu 7 katika kila 10 waliikataa. Wapinzani walionya ya kuwa hospitali ndogo zingefunga vitanda. Onyo hilo halifai kudharauliwa. Mgonjwa wa sita, asiyeruhusiwa kupewa mwuguzi huyu, hakuacha kuugua. Na kama yu barazani akingoja, nani anamtazama?

Kisha kuna jambo lisilosemwa sana. Nchi tajiri ikikosa wauguzi wa kutimiza idadi yake, huwatafuta ng'ambo. Wauguzi wengi wa California wametoka Ufilipino. Kitanda alichokiacha mwuguzi nyuma yake hakiingii katika hesabu ya sheria ya California, wala hakimo katika daftari ya hospitali iliyompokea. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni ya kuziomba nchi zisiwavute wauguzi na waganga kutoka nchi zenye upungufu mkubwa wa watu hao. Kanuni hiyo ni ya hiari. Aivunjaye hana adhabu.