Kura ya Mwenye Hisa Moja

Duka la ushirika linapofunguliwa kijijini, watu hushughulika kwanza na jengo, na bidhaa, na mtu wa kuuza. Jambo la kura huachwa nyuma, nalo ndilo litakaloonyesha kama duka ni la wanachama wote ama ni la wachache wanaotumia jina la wanachama. Je, mwenye hisa 50 apige kura 50, na mwenye hisa moja apige moja? Au kila mtu, tajiri kwa maskini, apige kura moja tu?

Anayeitetea njia ya kwanza hasemi upuuzi. Husema: mimi niliyetoa fedha nyingi ndimi nitakayepata hasara kubwa duka likianguka, basi si haki aliyetoa kidogo aamue mali yangu itumikeje. Hoja hii ndiyo iendeshayo makampuni ya biashara, na huko ina mahali pake, kwa maana kampuni ni mkutano wa fedha. Lakini ushirika wa walaji ulizaliwa kwa haja nyingine. Wafumaji na mafundi 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, mtaji wao ulikuwa pauni 28, na bidhaa zao unga, siagi, sukari na mishumaa. Hawakukutana ili fedha izae. Walikuwa wamechoka kuuziwa vyakula vibovu kwa bei ghali, na kufungwa na madeni ya wenye maduka. Katika chama chao kila mwanachama alikuwa na kura moja, maana aliyepunjwa hakupunjwa kwa kadiri ya hisa zake.

Tulitazame jambo hili katika nchi yetu ya kati. Mvua ya Dodoma kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili. Mtama na uwele huvunwa kuanzia Mei. Mwezi wa Julai nafaka ni rahisi. Mwezi wa Februari, shamba likiwa bado bichi na ghala tupu, debe lile lile hupanda bei, na mwenye kukosa hulazimika kumwuza mbuzi, au ng'ombe, kwa bei ya kutupa. Wazee wa Ugogo waliita njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 kwa jina la Mtunya, na jina hilo halikusahauliwa.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, chama cha duka kina wanachama 60, na mwezi wa Julai wanakutana kuamua jambo moja: fedha iliyopo inunue nafaka iwekwe hata Februari, iuzwe kwa bei ya wastani, ama inunue vitambaa na vinywaji? Watatu kati yao wana hisa 40 kila mmoja; waliobaki 57 wana hisa moja moja. Kura zikihesabiwa kwa hisa, watatu wana 120 na wengine wote 57. Nao watatu ni akina nani? Yaelekea ni wale wenye maghala yaliyojaa. Hawana haja ya nafaka ya dukani; tena ikiwapo itawaharibia soko lao la Februari. Na fedha waliyonunulia hisa hizo 40 ilitoka wapi, kama si katika nafaka waliyouza Februari iliyopita? Hivyo njaa ya jirani hununua kura, na kura ile huitunza njaa irudi mwaka ujao. Mtu aweza kuwa mwema sana, asiwe na nia mbaya hata kidogo, na bado mpango huu ukamfanya mwamuzi wa shauri ambalo yeye mwenyewe ni mshitakiwa.

Labda mtu atasema: basi kura zigawanywe kwa kadiri ya manunuzi; anunuaye sana ndiye mlaji kweli. Hoja hii ni nzuri kuliko ile ya hisa, lakini ina kasoro ile ile, kwa kuwa anunuaye sana ni mwenye fedha. Wale wa Rochdale walipata njia ya busara: ziada ya duka walimgawia kila mmoja kwa kadiri ya manunuzi yake, na mtaji waliulipa faida yenye mpaka. Fedha ikalipwa ujira wake kama mtumishi, isipewe kiti cha mwenyekiti.

Hata hivyo usawa wa kura peke yake hautoshi, na historia yetu imetufundisha hivyo kwa gharama. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kihesabiwe kuwa chama cha ushirika. Mwaka uliofuata vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na katika Operesheni Maduka watu binafsi wakatakiwa wafunge maduka yao, mahali pao pashikwe na maduka ya kijiji. Wakazi wote wazima walikuwa sawa katika mkutano. Lakini hakuna aliyeingia kwa hiari wala aliyeweza kutoka, na duka halikuwa na bidhaa za kupigia kura. Kura isiyo na kiingilio, wala hisa hata moja, wala uhuru wa kuondoka, haimpi mtu uzito. Kwa hiyo twasema kura moja kwa kila mwanachama, si kwa kila mkazi. Na hisa ya lazima iwe ndogo, hata mjane aweze kuilipa kidogo kidogo baada ya mavuno.

Liko jambo moja ambalo wanaume wengi hawapendi kuliongea. Mara nyingi kura ya mtu mmoja hugeuka kuwa kura ya nyumba moja, na nyumba ni baba. Lakini ni nani aendaye dukani na chupa ya mafuta ya taa? Ni nani ajuaye kwamba chumvi imepungua katika kipimo, au kwamba sabuni imepanda bei tangu juma lililopita? Huko Rochdale wanawake walipokelewa kwa majina yao wenyewe, miaka mingi kabla ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 iliyomruhusu mwanamke aliyeolewa kumiliki mali yake. Mama akilipa hisa yake, apewe karatasi yake ya kura, wala asiulizwe mumewe amesema nini.

Halafu saa ya mkutano itazamwe. Mkutano ukiitishwa asubuhi, wakati wa kuteka maji, wanawake hawatafika. Na kura za watu wasiofika zikikusanywa na mtu mmoja kwa niaba yao, wale watatu wenye hisa 120 watakuwa wamerudi kwa mlango wa nyuma. Heri mkutano uahirishwe hata alasiri.