Kianzio ni Mali ya Nani?

Wako wengi wanaodhani kwamba suala la uaminifu katika kazi ya ujenzi ni suala la wizi tu: fundi anayeuza mifuko ya saruji usiku, au mlinzi anayefumba macho nondo zikipitishwa uani. Hayo ni makosa, lakini si maswali. Hakuna anayehitaji kuketi na kutafakari ndipo atambue kuwa kuiba saruji ni kuiba. Swali ninalotaka tulitazame, ndugu msomaji, ni jingine, na nimewasikia watu wenye heshima zao wakilijibu kwa namna mbili zinazopingana. Mama mmoja anampa mkandarasi mdogo shilingi milioni 6 ili aanze kumjengea nyumba. Fedha ile inapotoka mkononi mwa mama na kuingia mkononi mwa mkandarasi, imekuwa ya nani?

Mimi si mjenzi. Nilisomea ualimu katika chuo cha ualimu, na chaki nimeishika kwa zaidi ya miaka 30. Lakini mwalimu mkuu yeyote aliyekuwa kazini wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, ilimpasa ajue kutofautisha mchanga safi na mchanga wenye udongo, maana fedha za madarasa ziliingizwa katika akaunti za shule na kamati za shule zikaambiwa zijenge. Nilipostaafu, mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa ana kampuni yake ndogo ya ujenzi, aliniomba nimtunzie vitabu vya hesabu. Kampuni hiyo ni ya daraja la saba. Kwetu sisi walimu wa shule za msingi darasa la saba ndilo la juu kabisa. Kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, la saba ndilo la chini kabisa, na mtu hupanda kuelekea la kwanza. Ilinichukua muda kuzoea hesabu hiyo iliyopinduliwa.

Sasa turudi kwenye swali. Jibu la kwanza, ambalo ndilo utalisikia kwa makandarasi wengi, ni kwamba fedha haina jina. Milioni 6 za mama huyu zikichanganyika na milioni 4 za mzee yule, nani atakayezitenga? Ikiwa nyumba ya mama itakamilika siku iliyoahidiwa, kwa ubora uliokubaliwa, yeye ana haki gani ya kuuliza ni noti zipi zilizonunua bati lake na zipi zilizolipa kokoto za mzee? Amenunua nyumba; hakununua noti. Na hutia nguvu hoja yao kwa mfano wa benki. Benki nayo hupokea fedha zangu leo na kumkopesha mwingine kesho, wala haiitwi mwizi.

Hoja hii si ya kipuuzi, na sipendi kuidharau. Lakini mfano wa benki wenyewe unaibomoa. Mtu anayeweka fedha benki anajua kuwa zitakopeshwa. Ndiyo kazi ya benki. Tena Benki Kuu huilazimisha kila benki kuweka akiba ya kiasi fulani, na wenye benki sharti watangulize mtaji wao. Mama yetu hajui lolote la namna hiyo. Yeye akilala usiku huona milioni 6 zake zikiwa tofali, msingi na jamvi. Akiambiwa kuwa zimekwenda kuezeka nyumba ya mzee wa mtaa wa pili, atashika kichwa. Kwa hiyo, kabla hata hatujauliza kama nyumba itakwisha au la, mkandarasi amekwisha kumkopa mtu ambaye hakukubali kukopesha. Amana, kwa wazee wetu, haikupimwa kwa kurudishwa tu. Ukiwekewa baiskeli ya jirani, ukaiendesha wiki nzima ukabebea magunia ya mahindi, kisha ukaipangusa vumbi na kumrudishia salama, hujaitunza amana.

Hata hivyo si hapo ninapoona hatari kubwa. Hatari kubwa ni kwamba desturi hii humficha mkandarasi hali yake mwenyewe. Chukua mfano. Nyumba ya kwanza ameikadiria vibaya. Imepungukiwa na shilingi milioni 2. Anazitoa katika kianzio cha nyumba ya pili, ambacho ni milioni 6. Nyumba ya pili nayo ameikadiria kwa kosa lilelile, basi ikifika mwisho inadai milioni 4: mbili zilizochukuliwa na mbili za upungufu wake yenyewe. Zinatoka katika kianzio cha nyumba ya tatu. Nyumba ya tatu itadai milioni 6, na hicho ndicho kianzio chote cha nyumba ya nne, kimemezwa kabla ya koleo moja kugusa ardhi. Wakati wote huo mtu huyu ana fedha mfukoni, ana kazi tatu, watu wanamwita tajiri, pengine amenunua gari dogo la kubebea mizigo. Hajui kuwa amekuwa akipata hasara tangu siku ya kwanza. Hakuna daftari lililomwambia, maana hakuwa na daftari la kila nyumba peke yake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini angalau anayekopa kwa harusi anajua kwamba amekopa.

Na mtu aliyefika hapo hana tena uwezo wa kukataa kazi. Hapo ndipo jambo la fedha linapogeuka kuwa jambo la zege. Anahitaji kianzio kipya kabla ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo atakubali bei ambayo moyoni anajua haitoshi. Bei isiyotosha italipwa na kitu. Haitalipwa na rangi, kwa sababu rangi inaonekana. Haitalipwa na vigae wala milango. Italipwa na vile visivyoonekana. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali imara za inchi sita kati ya 25 na 35 hivi, kutegemea ukubwa wa tofali na ubora wa mchanga. Wapo wanaoufanya utoe 50 na zaidi, na zikipigwa lipu zote hufanana. Ringi zinazopaswa kukaa karibu karibu katika nguzo husogezwa mbali. Zege la uwiano wa moja kwa mbili kwa nne hugeuka moja kwa tatu kwa sita, kisha huongezwa maji ili limiminike kwa urahisi, na maji yakizidi nguvu hupungua.

Halafu kuna kumwagilia. Zege linataka kunyweshwa maji siku saba angalau, na nguvu yake huhesabiwa kwa siku 28. Kwa mtu mwenye fedha zake, siku saba si kitu; huwapeleka vibarua kwingine akaacha kijana mmoja na mpira wa maji. Kwa mtu anayekimbizwa na madeni, siku saba ni siku saba za kutodai malipo ya hatua inayofuata. Anapandisha kozi za tofali juu ya lenta iliyomwagwa juzi. Nimeyaona haya kwa macho, na aliyekuwa akiyafanya hakuwa jambazi. Alikuwa mtu anayesali, anayesomesha watoto wa ndugu yake.

Zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli ziliamuru kwamba nyumba ikianguka na kumuua mwenye nyumba, mjenzi auawe. Ikimuua mtoto wa mwenye nyumba, auawe mtoto wa mjenzi. Sehemu ya pili inachukiza, na hakuna mwenye akili atakayeitetea. Lakini nafahamu kilichowasumbua watu wale. Kazi ya mjenzi hufunikwa, na mwenye nyumba hana macho ya kuona ndani ya nguzo. Hapa kwetu, tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Silitaji ili kulifananisha na nyumba za vyumba vitatu ninazozungumzia. Ninalitaja kwa sababu wapo wanaosema mambo ya nyuma ya lipu ni ya Mungu na fundi.

Baada ya kumsema mkandarasi kiasi hiki, haki inanitaka niwageukie na wanaomlipa. Nimeweka vitabu, najua. Nyumba nyingi za watumishi na wafanyabiashara hukwama kwenye malipo ya mwisho: mwenye nyumba ameshahamia, pazia zimetundikwa, na sasa kila akipigiwa simu yuko safarini. Taasisi nazo huzuia asilimia 5 au 10 kwa ajili ya kipindi cha matazamio, jambo ambalo ni halali, lakini kipindi kikiisha barua ya kudai huzunguka ofisini miezi mingi. Mkandarasi wa daraja la kwanza hustahimili. Wa daraja la saba ana vibarua wanaongoja Jumamosi. Kumwambia mtu huyo asiguse kianzio cha mwingine, huku wewe umekalia fedha yake, ni kumtaka awe mwadilifu kwa niaba yako.

Jambo hili lilitufika. Taasisi moja ilikuwa na deni letu la miezi minane. Ijumaa jioni mwanafunzi wangu alikuja nyumbani akasema, "Mwalimu, kesho nina watu 14, na benki kuna fedha za mama mjane tu." Fedha zile zilikuwa za mabati na mbao za kenchi. Hapa ndipo swali letu linapouma kwelikweli. Kibarua amekwisha kutoa jasho. Ujira wake si ahadi, ni deni lililoiva, na watoto wake wanakula Jumamosi kama watoto wengine. Mama naye hajapungukiwa na kitu bado, kwani mabati yalikuwa ya mwezi ujao. Mtu mwema angefanya nini? Rai yangu ilikuwa kwamba fedha zikiwa za mama, basi mama ndiye wa kuulizwa. Tulikwenda wote wawili usiku ule. Alitusikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, umefanya vizuri kuniuliza. Lakini sitoi. Hizi nikizipoteza sina nyingine."

Jumamosi asubuhi pikipiki ya mwanafunzi wangu iliuzwa kwa bei ya kutupa, na watu 14 wakalipwa. Deni la taasisi lililipwa baada ya miezi mitatu zaidi, bila riba wala neno la samahani.

Mkewe hajanisamehe shauri lile hadi leo. Husema tungeweza kuzitumia na kuzirudisha bila mama kujua, na kwa hesabu ya fedha tupu ana haki: zingerudi, ingawa mabati yangechelewa kidogo. Ninachomjibu ni kwamba Ijumaa ile hakuna aliyejua kuwa zingerudi. Yeye hunijibu kwamba mimi nina pensheni. Katika hilo sina la kumpinga, na huwa tunaishia hapo, tukiwa kila mmoja na daftari lake: mimi la nyumba ya mama, iliyoezekwa mwezi uliofuata, na yeye la nauli ambazo mumewe alilipa kwa miaka miwili kwenda kazini.