Taazia ya Maandiko

Katika misiba ya Wakristo wa nchi zetu aghalabu haikosi kusikika kauli ya Ayubu, aliyekiri kwamba Mola ndiye mpaji na ndiye mtwaaji, na kwamba jina lake lastahili kusifiwa katika hali zote mbili. Husomwa kanisani, huandikwa juu ya misalaba ya makaburi, na hutamkwa na majirani waingiao kuhani hata kabla hawajaketi. Kauli hiyo ni adhimu, wala sina nia ya kuipunguzia heshima. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba aliyeinena alikuwa mfiwa mwenyewe, aliyepoteza wana saba na binti watatu kwa siku moja, naye aliinena baada ya kurarua joho lake, kunyoa kichwa chake na kuanguka kifudifudi. Maneno yale yale yakitoka katika kinywa cha aliyefiwa ni ibada. Yakitiwa masikioni mwake na mtu mwingine, kaburi lingali bichi, huweza kuwa amri ya kunyamaza.

Wako wadhanio kwamba faraja ni kuambiwa kuwa hasara si kubwa kama ionekanavyo. Mimi nasadiki kwamba Maandiko hayapunguzi hata chembe ya ukubwa wa msiba. Humpa mtu kwanza uhuru wa kulia mbele za Mungu, kisha humwonyesha ni nani ampokeaye yule anayemwachilia. Na utaratibu huo ukipinduliwa, faraja hugeuka mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Ushahidi wa neno hili umo katika kitabu chenyewe cha Ayubu. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walipomwona jinsi alivyoharibika, waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo mmoja wao kusema neno, na katika muda wote huo hapana kosa lililoandikwa juu yao. Makosa yalianza walipofungua vinywa kumfafanulia sababu za mateso yake. Na hatima ya kitabu ni kwamba Mungu aliwaghadhibikia hao mawakili wake waliomtetea kwa hoja nyingi, akashuhudia kuwa Ayubu ndiye aliyenena sawasawa. Ayubu yule yule aliyehoji, akalalama, na kuilaani siku aliyozaliwa.

Nikitazama habari za mfalme Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli, naona fundisho lililo zito zaidi. Mtoto wake mchanga alipougua, alifunga na kulala chini akimwombea. Na siku ya saba mtoto alipofariki, watumishi walichelea kumwarifu, lakini yeye alipotambua aliinuka, akaoga, akajipaka mafuta, akaingia nyumbani mwa Bwana kuabudu, kisha akala chakula, akieleza kwamba mtoto hatarudi kwake bali yeye ndiye atakayemwendea. Hapo mtu angesema kwamba Daudi amekwisha kuhitimu elimu ya kuachilia. Lakini miaka ikapita, na Absalomu mwanawe akafa vitani akiwa adui wa baba yake. Ndipo mfalme huyo huyo akapanda chumba kilichokuwa juu ya lango, akamlilia kwa kulitaja jina lake tena na tena, akitamani lau angalikufa yeye badala yake, hata Yoabu akamjia kumkemea kwa sababu askari waliomponya walikuwa wakiingia mjini kwa kunyatia kama watu walioaibika.

Imani yake ilikuwa ni ile ile, na Mola wake yule yule, lakini kifo hiki hakikufanana na kile. Yule mchanga aliagana naye kwa maombi. Huyu mkubwa alitengana naye kwa upanga, na neno la kupatana lilikuwa halijasemwa. Waandishi watakatifu wangeweza kulificha jambo hilo kwa ajili ya heshima ya mfalme, wasilifiche. Wakatuachia mifano yote miwili, ili aliyeweza kuinuka upesi asijivune, na aliyeshindwa kuinuka asidhani kwamba amekwisha kumkufuru Mungu.

Kilele cha mambo haya ki Bethania. Lazaro alikuwa amelala kaburini siku nne Yesu alipofika, na dada zake wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walimkabili kwa shutuma ile ile, kwamba lau angalikuwapo ndugu yao asingalikufa. Maneno yao ni mamoja, lakini majibu waliyopata ni mawili: Martha alijibiwa kwa mafundisho ya ufufuo, na Mariamu alijibiwa kwa machozi. Naye aliyelia alikuwa akijua kwamba punde kidogo atamwita maiti naye atatoka. Ikiwa yeye aliyeshika ufunguo wa kaburi mkononi hakuona aibu kulia mbele ya mlango wake, ni nani basi awezaye kumwambia mjane au yatima kuwa machozi ni upungufu wa imani?

Lakini Maandiko hayamwachi mfiwa katika kilio tu. Ibrahimu alimlilia Sara, kisha akaondoka mbele ya maiti yake akaenda kwa Wahiti, akanunua kwa Efroni shamba na pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, ili amzike mkewe; na hivyo sehemu ya kwanza aliyoimiliki katika nchi aliyoahidiwa ikawa kaburi. Habari hiyo imo katika kitabu cha Mwanzo, kitabu ambacho Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alianza kukifasiri kwa Kiswahili mjini Mombasa katika mwezi wa Juni 1844. Mwezi uliofuata mkewe Rosine alijifungua binti, akafariki kwa homa, na mtoto akamfuata mamaye. Wakazikwa bara, upande wa Nyali, na Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa hiyo hiyo. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile liwe kwao dalili ya kuwa kazi imekwisha kuanza katika pwani hii; kisha akairudia tafsiri yake. Hakusema kwamba alichopoteza kilikuwa kidogo. Alikisoma kama Ibrahimu alivyolisoma pango la Makpela, kuwa ni rehani ya ahadi ambayo macho hayajaiona.

Paulo naye, akiwaandikia Wathesalonike waliofadhaika kwa ajili ya wafu wao, hakuwakataza kuhuzunika, bali aliwakataza kuhuzunika kwa namna ya watu wasio na tumaini. Tofauti hiyo ni nyembamba kwa kuitazama, lakini maisha ya mfiwa yamesimama juu yake. Stefano alikufa akiwa ameziona mbingu zimefunuka, akiiweka roho yake mikononi mwa Bwana; na watu watauwa waliomzika hawakuona kwamba maono yale yamewanyima haki ya kumfanyia maombolezo makubwa. Basi aliaye na kuamini hana mioyo miwili: analia kwa kuwa alipewa zawadi ya kweli, naye anaamini kwa kuwa aliyeitoa hajaisahau. Na mwenye kuketi kando ya kitanda cha mpendwa anayekata roho, asiyejua kama ashike au aachie, ajue kwamba hatakiwi kumtupa mtu huyo gizani wala kumpenda pungufu. Anatakiwa kumkabidhi kwa Mmoja aliyempenda kabla yake, aliyekwisha kupita katika mauti kwa miguu yake mwenyewe, na ambaye anaijua njia hiyo hata mwisho wake.