Kalamu, Kishikwambi na Amana ya Mwalimu

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi walivyovitumia makarani viligawiwa walimu wa Tanzania. Nami, niliyekuwa mdogo kwa umri kuliko wote katika shule yetu ya pwani, nikatakiwa niwaonyeshe wenzangu namna ya kufundishia kwa chombo hicho. Sikupata kusimama mbele ya hadhira ya namna ile, kwani miongoni mwao alikuwamo bibi aliyenishika mkono nilipokuwa nikijifunza kuandika irabu, na kumfundisha aliyekufundisha ni jambo zito.

Niliwaonyesha moyo wa mwanadamu ukipiga, damu ikiingia na kutoka katika vyumba vyake vinne, moyo ambao kwa chaki twauchora ubaoni ukalala kimya. Chombo kikapita mkono kwa mkono, wenzangu wakastaajabu, na nafsi yangu, nakiri, ikaanza kuuhesabu mshangao ule kuwa ni fadhila yangu. Hapo bibi yule akaniuliza kwa upole: “Mwanangu, moyo tumeuona. Je, kitu hiki kitamjua mtoto aliyekuja shule bila kunywa chai?” Sikuwa na jawabu.

Swali lake lina asili ya kale. Plato, katika Phaedrus, asimulia habari za Thamus, mfalme wa Misri, aliyeikataa zawadi ya maandishi kwa kuhofu kwamba watakaoyategemea watasahau, wakajidhania wana hikima ilhali wana sura yake tu. Lakini hofu hiyo imetufikia kwa sababu Plato mwenyewe aliiandika. Nasi Waislamu twajua kwamba aya za mwanzo kuteremshwa zaitaja kalamu, na kwamba watoto wa chuoni, vizazi kwa vizazi, waliandika aya juu ya mbao, wakazihifadhi, kisha wakaziosha mbao zile ili waandike nyingine. Wino ulikwenda na maji, na elimu ikabaki kifuani.

Naona jawabu limo katika ubao ule uliooshwa. Chombo ni mjumbe, na mjumbe huheshimiwa kwa ujumbe anaouchukua. Basi anayekikataa kwa kuwa ni kipya huwadhulumu watoto, na anayejitukuza kwacho hujidhulumu mwenyewe, kwa maana riya huiharibu hata kazi iliyo njema. Elimu ni amana ipitayo kwa mtu kwenda kwa mtu, na amana hiyo haitimii pasipo kumjua yule anayekabidhiwa.

Mwalimu mwenzangu, chombo kipya kikikufikia, kipokee kwa shukrani na ukionyeshe kwa tawadhui. Lakini kabla hujakiwasha, zitazame kwanza nyuso za watoto, umjue aliyekuja bila kunywa chai.