Mfumo Umekataa

“Mfumo umekataa, mama.”

Nilikuwa nimeketi nyuma ya karani wa saccos moja niliyoitengenezea programu ya mikopo. Mwanachama aliyeambiwa hivyo aliitazama kompyuta, hakunitazama mimi. Akafunga mkoba wake, akaondoka.

Mfumo haukukataa. Niliyekataa ni mimi, miezi minne kabla, usiku, nikiwa hosteli.

Katika usanifu wa objekti, mwanachama si mstari tu kwenye jedwali la hifadhidata. Anabeba taarifa zake pamoja na kanuni zake, na hakuna anayegusa akiba yake bila kupitia mlangoni. Niliupenda usanifu huo, na bado naupenda. Kabla yake, mwenye nenosiri aliweza kufungua jedwali na kubadili tarakimu, na ndugu wa viongozi hawakuwahi kukosa mkopo. Basi nikaandika: awe ameweka akiba miezi sita mfululizo, mkopo usizidi mara tatu ya akiba. Jibu ni ndiyo au hapana. Mama yule alikuwa amekosa mwezi mmoja, alipokuwa akiuguza.

Sifa kuu ya objekti ni kuficha: anayeitumia hana haja ya kujua ndani mna nini. Kwa hiyo karani hakudanganya. Hakujua kweli. Lakini uamuzi ukishafichwa namna hiyo, mtu anakwenda kumlalamikia nani?

Fikra hizi zilianzia Oslo miaka ya 1960, kwenye lugha ya Simula ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Miaka ya 1970 Nygaard huyohuyo alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, ili wawe na kauli kuhusu kompyuta zilizoletwa kazini kwao. Darasani tulifundishwa habari ya kwanza tu.

Wiki iliyofuata nikaongeza jibu la tatu: “kamati iamue”, pamoja na jina la aliyeamua na sababu yake. Karani akampigia mama simu. Alikuwa ameshakopa mtaani, kwa riba.

Juzi nilichungulia kumbukumbu. Maombi tisa yamepitia kwa kamati. Manne yana jina la ukoo la mwenyekiti. Kwenye nafasi ya sababu wameandika: “Anafahamika.”