Hesabu Yenye Kutabiri Ugonjwa: Tuiamini kwa Sababu Gani?

Mtu akinunua unga sokoni hutazama mizani. Lakini atajuaje kama mizani yenyewe ni ya kweli? Yapasa kuweka juu yake jiwe ambalo uzito wake umekwisha kujulikana. Leo twataka kufikiri juu ya mizani nyingine: hesabu zinazotabiri kama mgonjwa wa sukari atashikwa na ugonjwa wa moyo.

Namna ya kwanza ya ugonjwa wa sukari huwashika mara nyingi watoto na vijana. Mwili wao wenyewe unaharibu sehemu zinazotengeneza insulini. Kabla ya sindano ya insulini kuanza kutolewa huko Toronto katika mwaka 1922, walikufa upesi. Sasa waweza kuishi miaka mingi, lakini adui mwingine anawangoja: ugonjwa wa moyo na wa mishipa ya damu. Munganga hawezi kungoja miaka 30 apate kujua. Basi hutia katika mashine umri wa mgonjwa, sukari na mafuta ya damu yake, hali ya figo, nayo mashine hujibu: katika watu 100 wa hali hii, kadha watapatwa katika miaka 10.

Je, tuamini jibu hilo? Sisi tunaofundisha katekisimu twamjua mtoto anayekariri majibu bila kufahamu. Umwulize yaleyale, hakosi; geuza swali, ananyamaza. Hesabu nayo ni vivyo. Ukiipima kwa watu walewale waliotumiwa kuitengeneza, itaonekana ina akili. Yapasa kuipima kwa wagonjwa wengine, ambao yaliyowapata yamekwisha andikwa, lakini hesabu haikuyaona. Ilisema 10, walikuwa 10 kweli, ao 20? Wenye elimu wa Denmark walifanya hivyo. Katika 2016 walitangaza hesabu iliyotoka kwa wagonjwa zaidi ya 4,000 wa namna ya kwanza, nao waliipima kwa wengine zaidi ya 2,000 wa sehemu nyingine ya inchi yao.

Iko pia hesabu mashuhuri ya Uingereza, iliyotoka katika uchunguzi wa wagonjwa 5,102 walioanza kukusanywa katika 1977. Lakini hao ni wa namna ya pili, watu wazima. Kuwapimia vijana wa namna ya kwanza kwa hiyo ni kupima zahabu kwa mizani ya mihogo.

Mtu atasema: mashine haina zamiri. Kweli, lakini anayeitumia anayo. Hesabu ikipunguza hatari, kijana ananyimwa dawa ya kulinda moyo. Ikizidisha, jamaa maskini wanauza mbuzi kwa dawa isiyohitajiwa. Kusema kwa uhakika neno usilolipima, hata likiwa kweli kwa bahati, ni kumkosea jirani. Tena kupimwa Denmark si kupimwa Bukavu.

Basi tuzitupe hesabu? Hapana. Tuulize kwanza: ilipimwa kwa nani? Kisha tukumbuke kwamba utabiri si hukumu. Katika Marekani na Kanada, wagonjwa 1,441 wa namna ya kwanza walifuatwa tangu 1983. Katika 2005 ilionekana kwamba waliolinda sukari yao kwa bidii zaidi katika miaka ya kwanza walipunguza hatari ya moyo na mishipa kwa sehemu 42 katika 100. Hesabu husema juu ya watu mia. Mtoto aliye mbele yetu ni mmoja, naye aweza kusaidiwa leo.