Maana ya Neno "Tabia" na Asili Yake



Yako maneno matatu tunayoyatumia kila siku kueleza yale yampambanuayo mtu na mwenziwe: alama, sifa na tabia. Yote matatu yametoka katika Kiarabu, lakini hayana uzito mmoja. Yampasa kila aitafutaye dini, na hasa aliyeingia karibuni, ayafahamu vema.

Alama ina asili moja na neno elimu. Ni kitu ambacho kwacho kitu kingine hujulikana. Kanzu, kofia na jina jipya ni alama. Sifa imetokana na wasf, yaani kueleza kitu jinsi kilivyo. Katika Kiswahili neno hili limepata maana ya pili, nayo ni kusifiwa. Ndiyo maana mtu aweza kupenda sifa hali sifa zenyewe hana!

Ama tabia, shina lake ni tabaa, maana yake kupiga muhuri. Waarabu walilitumia neno hilo pia kwa mfinyanzi aundaye mtungi kwa udongo, na kwa mtu agongaye sarafu. Ajabu ni kwamba Wayunani nao, ambao lugha yao ni mbali na Kiarabu, neno lao la tabia lilikuwa kwanza jina la chapa ipigwayo juu ya sarafu.

Wako wasemao: "Hasira ni tabia yangu, nimezaliwa nayo, nifanyeje?" Ni kweli kwamba katika Kiarabu neno hili hutumika pia kwa maumbile. Lakini sisi twasema tabia njema na tabia mbaya, na hakuna alaumiwaye kwa ufupi wa kimo chake. Alaumiwaye ni yule aliyekuwa na hiari. Tena chapa haijipigi yenyewe. Kila tendo tulitendalo ni pigo moja la muhuri juu ya moyo. Na pigo likirudiwa, alama huzama. Wazee wetu walisema: Udongo upate uli maji.

Tazama Kurani Tukufu, Suratul Mutaffifin. Sura hii yaanza kwa kuwaonya wapunjao: wakipokea kwa watu hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia watu hupunguza. Kisha, katika sura hiyo hiyo, Mwenyezi Mungu aeleza kwamba yale waliyokuwa wakiyachuma yametia kutu mioyoni mwao. Basi kutu haikuzaliwa pamoja nao; imetokana na chumo lao wenyewe.

Haya si mambo ya zamani tu. Chukua Mkumbara, katika Wilaya ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara, kando ya barabara iendayo Moshi, katika nchi wanamokutana Msambaa, Mzigua na Mpare. Mtu akinunua mahindi ya mkulima kwa lumbesa, gunia limejazwa hata likavikwa kilemba, kisha akalipa bei ya gunia moja. Na jioni akauza mahindi yale yale kwa debe lililobonyezwa, huyo ametenda mambo mawili yaliyotajwa katika sura hiyo. Siku ya kwanza mkono wake hutetemeka. Siku ya kumi hautetemeki tena. Hapo ndipo muhuri umeshika.

Je, hakuna dawa? Iko. Katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Huraira, Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba mja akitenda dhambi doa jeusi hutiwa moyoni mwake. Akiacha na kutubu, moyo husafishwa. Akirudia, doa huzidi hata likaufunika moyo wote. Angalia kwamba kuacha kumetajwa pamoja na toba. Anayetubu msikitini na kurudi kwenye debe lile lile bado hajaacha.

Ewe ndugu uliyesilimu, jirani zako hawatakuuliza umebadili jina mwaka gani. Watatazama kipimo chako, ahadi yako, na ulimi wako ndani ya nyumba yako. Hapo ndipo watakapokutambua. Kesho, kabla hujatafuta alama nyingine ya dini yako, lipige nyundo debe lako linyooke.

Mwenyezi Mungu atupe tabia njema, wala asiifanye dini yetu kuwa alama tupu. Amin.